Kizuri Chajiuza? Akili Unde na Upangaji wa Bidhaa Madukani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufunzwa tangu shule za msingi, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mtu anayejinadi mbele za watu. Ikichukuliwa kwa maana yake ya juu, hata hivyo, methali yenyewe ni dai la kibiashara: kwamba bidhaa njema haihitaji msaada ili inunuliwe. Kila mwenye duka anajua kuwa dai hilo lina walakini. Sukari ileile, ya kiwanda kilekile na kwa bei ileile, hutoka upesi ikiwekwa usawa wa macho ya mnunuzi, na hudoda ikiwekwa chini karibu na sakafu. Shati lililovishwa sanamu mlangoni huulizwa bei mara nyingi kuliko shati kama hilo lililokunjwa kabatini. Kizuri huuzwa na mahali kilipowekwa, na mwanga unaokimulika, na jirani yake kwenye rafu.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi akili unde inavyotumiwa kuboresha upangaji huo wa bidhaa katika maduka ya rejareja, na kubainisha mahali ambapo uwezo wake unakomea. Suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mpangilio wa bidhaa ni mfumo wa ishara. Kilichowekwa mbele husema jambo ambalo kilichowekwa nyuma hakisemi. Vitu viwili vikikaa bega kwa bega, ujirani wao huzua maana ambayo hakuna hata kimoja kilichokuwa nayo peke yake. Aliyesoma semiotiki atautambua mfumo huu mara moja. Mashine inapopewa kazi ya kuupanga, inapewa kazi ya kutunga usemi.

Istilahi zenyewe zinahitaji neno moja au mawili. Wapo wanaosema akili bandia, wapo wanaosema akili mnemba, ambayo imeshika zaidi nchini Tanzania, na wapo wanaosema akili unde. Makala haya yanatumia hii ya mwisho kwa kuwa haina harufu ya udanganyifu iliyomo katika neno bandia, ambalo masikioni mwa Mkenya hufuatana na noti na vyeti vya kughushi. Kuhusu mtu anayezipanga bidhaa, neno mpangaji lingefaa, ila jijini Nairobi mpangaji ni yule anayedaiwa kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi. Kwa hivyo hapa ataitwa mpanga rafu.

Kutoka Dirishani hadi Kwenye Ramani ya Rafu

Historia ya taaluma hii ina mtu ambaye wanafunzi wa fasihi wanamfahamu kwa jambo jingine. L. Frank Baum, Mmarekani aliyeandika hadithi ya watoto iitwayo The Wonderful Wizard of Oz, alianzisha jarida la wapambaji wa madirisha ya maduka, The Show Window, mjini Chicago mwaka 1897. Mwaka 1900, ambao ndio mwaka hadithi hiyo ilipotoka, alichapisha pia kitabu kizima kuhusu sanaa ya kupamba madirisha na mambo ya ndani ya duka. Si ajabu kwamba mtunzi wa hadithi ndiye aliyeishughulikia kazi hii, kwa maana dirisha la duka lilichukuliwa wakati huo kuwa jukwaa dogo. Harry Gordon Selfridge, aliyejifunza kazi katika duka la Marshall Field mjini humo humo Chicago, alifungua duka lake mjini London tarehe 15 Machi 1909 na kuyaacha madirisha yake yakiwaka taa usiku hata baada ya milango kufungwa. Julai ya mwaka huo, ndege ambayo Louis Blériot alikuwa ameirusha kuvuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza iliwekwa ndani ya duka hilo ili watu waje kuitazama. Ndege haikuwa inauzwa. Waliokuja kuitazama ndio waliouziwa vitu vingine.

Badiliko kubwa zaidi lilitokea mwaka 1916 mjini Memphis, pale Clarence Saunders alipofungua duka la Piggly Wiggly na kumruhusu mnunuzi aingie, atembee kati ya rafu na ajichukulie mwenyewe. Hadi wakati huo mnunuzi alisimama mbele ya kaunta na kuomba. Muuzaji ndiye aliyenyanyua mkono, akashauri, akasifu bidhaa hii na kuinyamazia ile. Muuzaji alipoondolewa baina ya mnunuzi na bidhaa, rafu ilibidi iyaseme yale ambayo kinywa cha muuzaji kilikuwa kikiyasema. Upangaji ukawa ndio ushawishi.

Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley's ikawa bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye kisomeo cha msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe iliyo nyuma ya kila pakiti leo. Kuanzia hapo duka liliweza kujua ni nini kimeuzwa, saa ngapi, na pamoja na kitu gani. Hesabu hizo ndizo zilizoipa nguvu planogramu, yaani mchoro unaoonyesha kila bidhaa ikae rafu ipi, katika safu ngapi, na kwa urefu gani kutoka sakafuni. Planogramu hutungwa ofisini na kutumwa kwa matawi yote. Baina ya mchoro huo na rafu yenyewe kuna umbali mkubwa: mnunuzi huchukua kopo na kuliacha kwingine, mtoto huvuruga safu, tawi hupungukiwa na mzigo, na mpanga rafu aliyechoka hujaza pengo kwa chochote kilicho karibu. Kwa miaka mingi ofisi haikuwa na njia ya kuujua umbali huo ila kwa kutuma watu wakahesabu kwa macho.

Namna Mashine Inavyoliona Duka

Hapo ndipo akili unde ilipoingilia. Kompyuta zilikuwa zimejaribiwa kwa muda mrefu katika kazi ya kutambua vitu vilivyo pichani, na kwa muda mrefu zilikuwa hafifu. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliingiza katika shindano la kutambua picha programu iliyojengwa kwa mitandao neva yenye tabaka nyingi, na kiwango chake cha makosa kikashuka hadi kama asilimia 15, ilhali iliyofuata ilikuwa na makosa ya asilimia 26 hivi. Programu za aina hii hazipewi kanuni. Haziambiwi kwamba chupa ya mafuta ina shingo nyembamba na kifuniko cha manjano. Huonyeshwa maelfu ya picha zilizoandikwa majina, zikakisia, zikasahihishwa, zikakisia tena, hadi makisio yao yakaribiane na ukweli.

Katika duka, kazi hiyo hufuata mkondo ufuatao. Picha ya rafu hupigwa. Programu hutenga kila kitu kilichomo kwa kukizungushia mstatili, kisha hukilinganisha kila kimoja na hazina ya picha za bidhaa zinazojulikana na kukipa jina. Baada ya hapo huweka orodha iliyopatikana kando ya planogramu na kutaja tofauti: hapa pana pengo, hapa bidhaa imekaa mahali si pake, hapa kibandiko cha bei hakilingani na kitu kilicho juu yake. Mpanga rafu hupata taarifa hiyo kwenye simu. Kazi iliyochukua nusu siku ya kuhesabu kwa kidole huisha kwa muda mfupi mno, na hili ndilo faida ya kwanza na iliyo wazi zaidi ya teknolojia hii.

Hata hivyo, jicho hili lina udhaifu wa namna yake. Pakiti ya unga ya kilo 1 na ile ya kilo 2 za kampuni moja hufanana kwa rangi na maandishi. Kinachozitofautisha ni ukubwa, na ukubwa katika picha hutegemea umbali wa kamera. Mfuko laini hujikunja na kuficha jina lake. Mwanga wa dirishani hung'aa juu ya plastiki na kufuta nusu ya picha. Kiwanda kikibadilisha vazi la bidhaa yake kwa ajili ya Krismasi, programu iliyofunzwa kwa vazi la zamani hubaki ikishangaa. Binadamu asiyejua kusoma hupambanua hayo yote bila taabu.

Picha zenyewe hupatikana kwa njia mbalimbali. Iliyoenea zaidi ni simu ya mkononi: mwajiriwa wa kampuni inayotengeneza bidhaa hupita madukani akipiga rafu picha na kuzituma. Kampuni ya Trax, iliyoanzishwa Singapore mwaka 2010, ilijipatia jina kwa kazi hiyo. Njia ya pili ni kamera zilizofungwa darini. Kampuni ya Walmart ilifungua duka la majaribio la aina hii huko Levittown, jimbo la New York, mwaka 2019. Njia ya tatu ni roboti zinazotembea kati ya rafu. Walmart hiyohiyo ilikuwa imeingia mkataba na kampuni ya Bossa Nova Robotics, na roboti zake zilikuwa zimefika katika maduka yapatayo 500 mkataba ulipovunjwa Novemba 2020. Ilielezwa wakati huo kwamba kampuni ilipata matokeo yanayokaribiana kwa kutumia wafanyakazi wake, ambao wakati wa janga la korona walikuwa wakipita kati ya rafu mara kwa mara wakikusanya mizigo ya wateja walioagiza kwa intaneti. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mashine ghali zaidi ndiyo mashine bora.

Kuona rafu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupendekeza rafu iweje, na hapa mashine hutegemea risiti badala ya picha. Mwaka 1993 Rakesh Agrawal na wenzake wa kampuni ya IBM walichapisha mbinu ya kihesabu ya kutafuta ni bidhaa zipi zinazofuatana katika kikapu kimoja. Watu wa taaluma hii hupenda kusimulia hadithi ya nepi na bia: kwamba duka moja la Marekani liligundua kuwa akina baba waliotumwa nepi jioni walirudi na bia pia, likaviweka vitu hivyo pamoja na mauzo yakapanda. Asili ya hadithi hiyo ni uchambuzi wa mauzo ya maduka ya Osco Drug uliofanywa mwaka 1992. Uhusiano baina ya nepi na bia ulionekana kweli katika hesabu za saa za jioni, lakini maduka hayo hayakuwahi kuzihamisha bidhaa hizo. Nusu ya pili ya hadithi, ile yenye mauzo yaliyopanda, iliongezwa na wasimulizi. Fasihi simulizi, kama inavyoonekana, haijaachwa vijijini.

Uongo huo mdogo unaficha tatizo kubwa. Risiti humwambia mchambuzi yaliyotokea chini ya mpangilio uliokuwapo. Haimwambii yale ambayo yangetokea chini ya mpangilio mwingine. Tuseme chai ya kampuni fulani imewekwa usawa wa macho kwa mwaka mzima kwa sababu kampuni hiyo ililipia nafasi. Itauzwa sana. Mashine ikijifunza kutokana na mauzo hayo, itahitimisha kwamba chai hiyo inapendwa, na itapendekeza ibaki pale pale. Chai ya mkulima mdogo iliyowekwa chini haitauzwa, na mashine itapendekeza ipunguziwe nafasi zaidi. Baada ya miezi michache mpangilio utakuwa umejithibitisha wenyewe, na kila anayeuliza ataonyeshwa takwimu. Dawa ya ugonjwa huu inajulikana: maduka hugawanywa katika makundi mawili yanayofanana, moja likabadilishiwa mpangilio na jingine likaachwa, kisha mauzo yakalinganishwa. Ila jaribio la namna hiyo lahitaji matawi mengi na subira, na mwenye duka moja hana hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Upo pia upande wa ubunifu, ambao unaweza kupitiwa kwa haraka. Programu zalishi zilizoenea baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022 huweza kuchora dirisha la duka ambalo bado halijajengwa, likiwa na taa, sanamu na vitambaa, mara 20 kwa saa moja. Mpambaji huokoa karatasi na muda. Jambo linalozidhoofisha programu hizo ni kwamba huchanganya upya yale zilizoyaona, na madirisha mengi zilizoyaona ni ya Ulaya na Marekani. Krismasi yao huwa na theluji.

Rafu Tupu

Thamani ya mashine hizi hutangazwa kwa neno moja zaidi ya mengine yote: pengo. Rafu iliyo tupu ni mauzo yaliyopotea, na mashine huliona pengo mapema. Dai hili ni la kweli, lakini kuona pengo ni jambo moja na kulielewa ni jambo jingine.

Wakenya wanao mfano wao. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki. Mwaka 2017 wateja waliingia katika matawi hayo na kukuta rafu tupu, moja baada ya nyingine. Hakuna mpanga rafu aliyekuwa amezembea. Waliokuwa wakiwasilisha bidhaa walikuwa hawajalipwa na wakaacha kuleta mizigo. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe. Kamera bora kuliko zote duniani ingefungwa katika dari za Nakumatt ingetuma taarifa elfu kwa siku kwamba hapa pana pengo, na pale pana pengo, na kila taarifa ingekuwa sahihi. Mama aliyefuata sukari Jumamosi na kukuta safu ya maji ya chupa imetandazwa mahali pa sukari alijua kinachoendelea bila kuwa na takwimu yoyote.

Fauka ya hayo, wapanga rafu wana ujuzi wa kale wa kuzivuta bidhaa chache zilizosalia hadi kwenye ukingo wa rafu, ili anayetazama kutoka mbele aone ukuta uliojaa. Nyuma ya safu hiyo moja hamna kitu. Kamera iliyo mbele huona kile ambacho mpanga rafu amekusudia ionekane, na huripoti kwamba rafu imejaa. Hivyo basi mashine haijaondoa uwezekano wa kudanganywa. Imebadilisha tu anayedanganywa. Mifumo mingine huongeza vipima uzito ndani ya rafu ili kulitatua hili, na gharama hupanda tena.

Mpanga rafu mwenyewe ndiye anayeguswa zaidi. Katika maduka makuu mengi ya Kenya, vijana wanaoonekana wakipanga sabuni na maziwa hawakuajiriwa na duka. Wametumwa na kampuni zinazotengeneza bidhaa hizo, na kazi yao ni kuitetea nafasi ya bidhaa yao dhidi ya jirani. Kijana huyo hujua mambo ambayo hayamo katika planogramu yoyote: kwamba wateja wa tawi hili hununua pakiti ndogo katikati ya mwezi na kubwa mwisho wa mwezi, kwamba kona fulani haifai maziwa kwa sababu jua la alasiri huipiga. Picha anazozituma kwa simu zinaweza kutumika kwa njia mbili. Zinaweza kumwondolea kuhesabu ili apate muda wa kutumia ujuzi wake. Zinaweza pia kugeuzwa alama anazopewa kila jioni kwa kadiri alivyoutii mchoro wa ofisini, na hapo ujuzi wake wa jua la alasiri huwa kosa. Programu ni ileile. Tofauti iko kwa anayeisoma taarifa, na kwa kama kijana huyo ana njia ya kuijibu. Mifumo mizuri humpa nafasi ya kuandika sababu: nimekihamisha kwa kuwa jua limekiharibu. Sababu hizo zikikusanywa, planogramu inayofuata huwa bora. Mfumo usiokuwa na nafasi hiyo haujifunzi ila utiifu.

Kamera Inapomgeukia Mnunuzi

Kuna hatua moja fupi kati ya kamera inayoitazama rafu na kamera inayomtazama anayeitazama rafu. Mwenye duka hutaka kujua ni wangapi waliosimama mbele ya maonyesho yake, kwa muda gani, na kama walikuwa wanawake au wanaume, vijana au wazee. Kuhesabu watu kwa vivuli vinavyopita ni jambo jepesi na lisilo na madhara makubwa. Kuwakisia umri na jinsia kwa nyuso zao ni jambo jingine. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu za kibiashara zilizokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Duka la Kisumu au Nakuru lililopanga bidhaa zake kwa kufuata makisio ya aina hiyo lingekuwa limewapanga wateja wake vibaya kabla ya kuipanga bidhaa yoyote. Watengenezaji walirekebisha programu zao baadaye, lakini funzo kuhusu picha zilizotumiwa kuzifundisha linabaki.

Desemba 2023 mamlaka ya biashara ya serikali ya Marekani iliipiga marufuku kampuni ya maduka ya dawa ya Rite Aid kutumia utambuzi wa nyuso kwa miaka 5, baada ya wateja wasio na hatia kushukiwa kuwa wezi kwa sababu mashine iliwafananisha na watu wengine. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayekusanya data za mtu amwarifu kwamba zinakusanywa na kwa madhumuni gani. Tangazo la namna hiyo mlangoni mwa duka lingepaswa kuwa katika lugha ambayo mteja anaielewa, na wanafunzi wa tafsiri wanajua jinsi sentensi ya kisheria inavyoweza kuwa katika Kiswahili bila kueleweka na Mswahili.

Wakati mwingine mashine humkera mnunuzi pasipo kumwonea. Kuanzia mwaka 2018, maduka ya Walgreens nchini Marekani yalijaribu majokofu ambayo milango yake ya kioo ilikuwa imeondolewa na mahali pake pakawekwa skrini za kampuni ya Cooler Screens, zinazoonyesha picha za vinywaji vilivyomo ndani pamoja na matangazo. Mteja aliyetaka soda alisimama mbele ya picha ya soda, akafungua, na pengine asiikute. Mwaka 2023 kampuni hizo mbili zilikuwa mahakamani. Kioo kilikuwa kimeifanya kazi hiyo vizuri tangu zamani, tena bila umeme.

Gikomba na Barabara ya Biashara

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu duka lenye rafu, msimbopau na bidhaa zinazofanana. Sehemu kubwa ya biashara ya Afrika Mashariki haiko hivyo. Katika soko la Gikomba jijini Nairobi, marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri na nguo huchaguliwa kwa jicho la muuzaji. Zilizo bora huitwa kamera, na za mwisho, zile za kumwagwa chini kwa rundo, huitwa fagia. Kamera hutundikwa juu, mbele, ikiwa imepigwa pasi. Fagia hulala sakafuni ikisubiri mikono. Huo ni upangaji wa bidhaa uliokamilika, wenye madaraja, bei na istilahi zake, na hakuna aliyeuleta kutoka ng'ambo. Mashine ya kutambua bidhaa haiwezi kuanza hapa kwa njia yake ya kawaida, kwa kuwa hakuna hazina ya picha ya kulinganisha nayo: kila gauni lililo Gikomba ni moja tu, na likiuzwa halirudi. Aidha, linalolifanya gauni liwe kamera hubadilika kwa wiki. Ni kejeli ya kupendeza kwamba wafanyabiashara hawa walichagua jina la chombo cha kuonea kuwa jina la kitu kinachostahili kuonwa.

Mombasa, kwenye Barabara ya Biashara, mtihani ni mgumu zaidi. Kanga ina pindo, mji na jina, nayo huuzwa kwa doti. Maduka ya hapo, likiwamo la Kaderdina Hajee Essak lenye alama maarufu ya Mali ya Abdulla, hutundika kanga kwa namna ambayo mpita njia huona rangi kwanza na kisha husoma jina. Programu ya kawaida ya upangaji ingezipanga kwa rangi na nakshi, kwa sababu hayo ndiyo mambo ambayo jicho lake limefunzwa kuyaona. Ingepanga vizuri sana: nyekundu na nyekundu, korosho na korosho. Kisha mteja angekuja kutafuta kanga ya kumpelekea mama mkwe, akakuta kwamba jina la heshima limetundikwa kando ya jina la kumrushia jirani kijembe, kwa kuwa zote mbili ni za buluu.

Ni kweli kwamba mashine inaweza kuyasoma maandishi hayo. Herufi kubwa za Kirumi zilizochapwa juu ya kitambaa hazimshindi msomaji wa kielektroniki. Kinachomshinda ni kujua kwamba jina lilelile ni shukrani likitoka kwa binti kwenda kwa mamake, na ni tusi likitoka kwa mke kwenda kwa mke mwenzake. Maana haiko katika kanga. Iko katika njia ambayo kanga inapitia. Muuzaji anayeijua kazi yake huuliza, kabla ya kuteremsha doti yoyote, ni ya kumpa nani. Jibu la swali hilo haliingii katika risiti. Risiti huandika kwamba doti moja ya buluu imeuzwa saa tano asubuhi, na kesho yake mashine hujifunza kutokana na risiti.

Hili linarekebishika, na urekebishaji wake hauanzii kwa wahandisi. Duka linalotaka msaada wa akili unde katika kupanga kanga lingehitaji kwanza orodha ya majina yaliyomo dukani, yakiwa yameainishwa kwa dhima: ya harusi, ya msiba, ya mapenzi, ya dua, ya mafumbo, na yale yanayobadilika kwa kutegemea anayepewa. Lingehitaji pia mahali ambapo muuzaji anaweza kuandika, kwa neno moja, doti imeenda kwa nani: mama, wifi, rafiki, au mtu asiyetajwa. Kwa data za aina hiyo mashine ingeweza kupendekeza kwamba majina ya dua yasogezwe mbele Ramadhani inapokaribia, au kwamba yale ya mafumbo yatundikwe ndani kidogo, ambapo mnunuzi anaweza kuyasoma bila kuonwa na anayekusudiwa. Wauzaji wakongwe hulifanya hilo la mwisho tayari.

Uainishaji wa majina hayo kwa dhima ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, na data zake zinaning'inia mlangoni mwa duka zikibadilishwa kila mzigo mpya unapofika. Jina lililoacha kuuzwa huteremshwa, na si mara nyingi kuna mtu aliyelinakili.